Nani Kawaita Vijana?

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa la biashara lilipoporomoka Kariakoo, waliowahi kwenye kifusi hawakuwa na kofia ngumu wala buti. Walikuwa makuli, wamachinga, wauza duka na watu waliokuja mjini kufuata mzigo. Mwenye nyundo alishika nyundo, mwenye nondo alishika nondo, na asiye na kitu alifukua kwa viganja. Waliofunikwa chini walipiga simu, matundu yakatobolewa, wakapitishiwa maji na glukosi. Zaidi ya watu 80 walitolewa hai. Zaidi ya 25 walifariki, na wengi wetu tukipita mtaa ule mpaka leo tunapunguza mwendo.

Miaka miwili kabla yake, tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ilianguka Ziwa Viktoria, hatua chache kabla ya uwanja wa Bukoba. Wavuvi ndio waliofika kwanza, kwa mitumbwi yao ya kila siku. Watu 24 walinusurika. Miongoni mwa wavuvi wale walikuwemo vijana wa umri wa kuanza maisha, ambao kwenye makaratasi yetu huandikwa kwamba hawana ajira rasmi.

Nimeanza na matukio haya kwa sababu karibu kila kikao cha shughuli za hisani nilichowahi kukaa, iwe ni cha kuchangia damu, kuwafundisha watoto kusoma au kuwaangalia wazee wasio na mtu, hutokea mkubwa mmoja akasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na siliamini. Moyo upo, tumeuona kwenye kifusi na tumeuona majini. Linalotupasa kujiuliza ni kwa nini moyo huo huamka siku ya janga na kulala siku za kawaida. Jibu langu, baada ya miaka ya kuzishiriki kazi hizi, ni kwamba siku ya janga kazi yenyewe humwita kijana. Anaona cha kufanya kwa macho yake, anajua mikono yake inahitajika sasa hivi, na hakuna anayemuuliza ametumwa na nani. Siku nyingine hatumwiti. Tunabandika tangazo, halafu tunamlaumu kwa kutokuja.

Kuitana kwenye kazi ni desturi ya kale kwetu. Wapare wana msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwayo mifereji ilizibuliwa na njia za milimani zikalimwa. Usukumani vijana wa kijiji walikuwa na viongozi wao wenyewe, wakaenda kulima shamba la aliyewaita kwa mdundo wa bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka pamoja na ngoma, na mwenye shamba akajua wajibu wake wa kuwalisha. Utazame vizuri mpango ule. Kazi ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, ilikuwa na siku yake, ilikuwa na chakula na furaha, na kijana aliongozwa na kijana mwenzake. Hakuna aliyehitaji hotuba ya uzalendo ili ashike jembe.

Mpango huo haujafa. Ukitaka kuuona, nenda msibani. Kaburi la jirani huchimbwa na nani? Na vijana wa mtaa, wale wale wa kijiweni, na hakuna anayewalipa. Mzee anapita kijiweni usiku, anasema, "Wanangu, kesho makaburini saa mbili, chepe zipo kwa fulani." Saa mbili wapo. Wanachimba kwa zamu, wanakunywa chai, wanarudi kuzika, wanakwenda zao. Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba hatulihesabu. Vivyo hivyo hatuwahesabu wanaopika na kugawa futari misikitini mwezi mzima wa Ramadhani, wala vijana wa parokia wanaopanga viti, kufua vitambaa na kupeleka chakula kwa wagonjwa. Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya hali ya kujitolea duniani ya 2022, ulikadiria kwamba watu milioni 862 wenye miaka 15 na zaidi hujitolea kila mwezi, na ukasisitiza kwamba wengi wao hufanya hivyo nje ya shirika lolote, mtu kwa mtu. Sisi tungejitambua humo bila shida.

Mambo yalianza kuvurugika pale wito ulipogeuka kuwa amri, na kwenye hilo Tanganyika, na baadaye Tanzania, ina kisa ambacho kila mtu anayetaka kuwahamasisha vijana angepaswa kukijua. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa 1963 kwa wanaojitolea. Vijana walikwenda makambini kulima na kujenga. Mwaka 1966 serikali ikataka iwe lazima kwa wahitimu wa vyuo na sekondari: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Ila siku hiyo hiyo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha pamoja na miiko ya viongozi.

Watu hukisimulia kisa hiki kama hadithi ya wasomi wabinafsi waliotiwa adabu. Mimi naona kwamba Nyerere, hata katika hasira yake, aliliona swali lililokuwa chini ya mabango: na nyinyi wakubwa mnatoa nini? Asingeliona, asingeukata mshahara wake. Swali hilo bado liko hai. Kijana anayeambiwa aje kufyeka uwanja wa zahanati humtazama kwanza anayemwita kama naye amekuja na panga. Diwani akifika saa nne na gari, akapigwa picha na ufagio, akaondoka, amewafundisha vijana hamsini kwamba kazi hii ni ya wanyonge.

Rwanda wameamua kushika njia ya lazima na kuikamilisha. Umuganda ni Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, kwa wenye miaka 18 hadi 65, na asiyefika anaweza kutozwa faini. Barabara zimejengwa, mitaro imezibuliwa, madarasa yamesimama. Sibezi matunda hayo hata kidogo. Ila huo ni wajibu wa raia, kama kodi, na tusiuite kujitolea. Kwetu, baada ya Rais Magufuli kuigeuza siku ya Uhuru ya 9 Desemba 2015 kuwa siku ya usafi, nasi tukawa na Jumamosi yetu ya mwisho wa mwezi. Pale ambapo viongozi wa mtaa walikaa na watu na kugawana kazi, imekuwa jambo jema kweli. Pale ambapo maana yake imebaki kufunga maduka mpaka saa nne asubuhi, kijana anakaa kwenye kibaraza cha duka akisubiri saa nne ifike.

Kampeni iliyonivutia kuliko zote katika historia yetu ni Mtu ni Afya, ya 1973. Karibu watu milioni 2 walishiriki, wakati ambapo nchi ilikuwa maskini wa kila kitu. Hawakukusanywa uwanjani. Walikaa vikundi vidogo vidogo kuzunguka redio, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa na kitabu chake, kwa majuma 12, na walichojadili leo walikifanya kesho: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka nyasi za mbu. Majuma 12, kisha basi. Mtu aliyejua kazi inaanza lini na kuisha lini alikuwa tayari kuingia. Siku hizi tunamwambia kijana "karibu ujiunge nasi" bila kumwambia ni kwa siku ngapi, saa ngapi, kufanya nini. Nani angeikubali kazi ya namna hiyo?

Na hapa ndipo tunapofika kwenye donda lenyewe. Neno kujitolea limebadilika mikononi mwetu. Ukimuuliza mhitimu wa ualimu siku hizi anafanya nini, akajibu "najitolea", hazungumzii sadaka. Anamaanisha anafundisha hisabati shule ya kata bila mshahara, mwaka wa pili au wa tatu, akilipwa na wazazi kidogo cha sabuni, akitumaini kwamba majina yakitoka lake litakuwemo. Muuguzi anayejitolea zahanati anamaanisha hivyo hivyo. Nawaheshimu sana watu hawa, na watoto wengi wa nchi hii wamejua kujumlisha kwa sababu yao. Lakini hiyo ni foleni ya ajira. Kazi ya kila siku, yenye ratiba na wajibu wa kitaaluma, ambayo ikikosekana shule inafungwa, ni ajira, hata kama tumeamua kutoilipa. Tukiendelea kuiita kujitolea, tusishangae kijana anaposikia neno hilo akahisi anatafutwa mtu wa kutumika bure.

Kenya walilitambua hilo kwa wahudumu wa afya wa jamii. Kwa miaka mingi walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto na kuwafuatilia wajawazito kwa jina la kujitolea. Septemba 2023 serikali iliwatuma upya uwanjani wahudumu wapatao 100,000, wakiwa na mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana mzigo. Posho hiyo ni ndogo, lakini imekiri ukweli. Tanzania nayo ilizindua Januari 2024 mpango wa kuandaa wahudumu wa jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hizi ni hatua sahihi, na zinasaidia kujitolea kwenyewe, maana zinasafisha mpaka kati ya kazi inayostahili malipo na saa mbili za Jumamosi ambazo mtu anazitoa kwa hiari yake.

Mpaka huo una upande wa pili. Kijana anayetoka Mbagala kwenda kuhudumia wagonjwa Muhimbili, akapanda daladala kwa pesa yake, akashinda na njaa, akarudi kwa pesa yake, tumemtoza yeye ada ya kufanya wema. Matokeo yake wanaobaki ni watoto wa wenye nafasi. Nauli, maji ya kunywa na sahani ya wali si malipo, kama vile chakula cha mwenye shamba hakikuwa malipo ya wacheza bugobogobo. Wala sizungumzii karatasi za posho za kusaini kwenye semina, ambazo zimewafundisha watu wengi kuhudhuria bila kufanya. Kijana huijua tofauti kati ya kulishwa na kununuliwa.

Kuna hazina nyingine tunayoiacha ikipita kila mwaka, nayo ni muda. Tanzania kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi kama saba ya kukaa nyumbani. Kidato cha sita humaliza Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Baadhi huenda JKT kwa mujibu wa sheria kwa miezi mitatu, wengine hubaki. Ni maelfu kwa maelfu ya vijana waliotoka kusoma miaka minne au sita, vichwa vikiwa moto, wakikaa kuangalia simu na kusubiri matokeo. Wakati huo huo, shule ya msingi ya jirani ina darasa la tatu lenye watoto ambao hawajaweza kusoma aya moja. Sijui pengo jingine katika maisha yetu ambalo mtu na kazi vimekaa karibu hivyo bila kukutanishwa. Mwalimu mkuu mmoja, msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, watoto sita chini ya mwembe, saa moja kila siku kwa majuma nane: hakuna bajeti inayohitajika hapo zaidi ya chaki na mtu mzima wa kuwaangalia.

Huyo mtu mzima ni wa lazima, na nalisema kwa uzito. Mzazi anayemzuia binti yake asiende kujitolea si mkorofi. Anataka kujua atakuwa wapi, na nani, na atarudije. Mwitaji asiyeweza kumjibu mama maswali hayo matatu hajawa tayari kumwita mtoto wake.

Niseme kidogo juu ya damu, maana nimekaa kwenye meza ya kuandikisha wachangiaji na huko nimejifunza kuliko kwenye vikao vyote. Masharti yenyewe ni mepesi kwa kijana mwenye afya: awe na miaka 18, uzito usiopungua kilo 50, wingi wa damu wa kutosha, mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Wanafunzi ni nguzo kubwa ya akiba yetu ya damu, ndiyo maana shule na vyuo vikifungwa chupa hupungua kwenye majokofu, huku akina mama wakiendelea kujifungua na bodaboda zikiendelea kugongana.

Siku moja, kwenye chuo ambacho sitakitaja, alikuja msichana wa miaka kama 19 akimsindikiza mwenzake. Alikuwa anaogopa sindano, ameikunja mikono kifuani. Muuguzi, mama wa makamo, hakumbembeleza wala hakumhutubia. Alimwambia, "Mwanangu, umekula leo?" Yule binti akasema amekula. "Basi kaa hapa, nitazame mimi, tuzungumze habari za kwenu." Akakaa. Mfuko ulipokuwa unajaa, ukitikiswa taratibu kwenye kile kimashine, akauliza, "Shangazi, hii itakwenda kwa nani?" Muuguzi akamjibu kweli, kwamba itapimwa kwanza, halafu pengine itakwenda kwa mzazi usiku mmoja wiki hii. Binti akanyamaza, kisha akauliza atajuaje. Hatukuwa na jibu. Tulimpa soda, biskuti na kadi yenye kundi lake la damu.

Miezi minne baadaye nililichukua daftari lile la majina nikaanza kupiga simu mwenyewe. Wengi hawakuwa wamechangia tena, na nilipowauliza sababu, hawakutaja woga wala imani. Walisema hakuna aliyewatafuta. Yule binti alinijibu kwa mshangao wa kweli: "Nilidhani mlishatosheka." Neno hilo limebaki nami. Tulimpokea kwa soda, tukamwacha aamini kwamba hahitajiki tena. Ujumbe mmoja wa simu, kusema damu yako imefika hospitali na muda wako wa kuchangia tena umefika, ungemrudisha. Kujitolea kwa mara ya kwanza ni kazi ya aliyejitolea. Mara ya pili ni kazi yetu tuliompokea.

Sitaki nionekane nadhani kila kazi ya hisani ni nzuri ilimradi ina vijana. Jumapili nyingi utaona kundi limeshuka kwenye kituo cha watoto yatima na mafuta ya kupikia, sabuni, mchele na kamera. Watoto wanapangwa mstari, wanaimba, wanabebwa, wanapigwa picha, na jioni kituo kinabaki kimya. Moshi na Arusha wageni kutoka nje walikuja kwa mtindo huo huo, majuma mawili mawili, wakilipa ili wacheze na watoto. Mtoto aliyeachwa mara moja na wazazi hapaswi kujifunza kuachwa kila Jumapili na watu wapya. Kenya ilisimamisha kusajili vituo vipya vya watoto 2017, na mwelekeo wake sasa ni kuwarudisha watoto kwa ndugu na familia. Kijana mwenye mapenzi na watoto hawa ashike jambo moja, kama kumfundisha mmoja wao hesabu kila Jumatano kwa mwaka mzima, simu ikiwa mfukoni. Au aende kwa shangazi anayelea watoto watatu wa marehemu kaka yake, amuulize ni nini kinamshinda.

Vyeti navyo husemwa vibaya, eti kijana anayetaka cheti hana nia safi. Siafiki. Mtu anayetafuta kazi ana haki ya karatasi inayosema alifanya nini, saa ngapi, na chini ya nani. Skauti wanavaa beji zao kwa fahari na hakuna anayewadharau. Ubaya ni cheti cha kuhudhuria bila kufanya.

Namalizia na mtaro wa mtaani kwetu. Kabla ya masika mwenyekiti alitangaza kwa kipaza sauti kazi ya kuuzibua, tukajitokeza watu tisa, wengi wetu wenye mvi. Mvua ya kwanza maji yaliingia ndani kwa mama muuza vitumbua, yakachukua unga na mkaa wake. Dada mmoja anayekaa kwenye kibanda cha wakala wa kutuma pesa, ambaye anamjua kila mtu kwa namba yake ya simu, akasema mara nyingine aachiwe yeye. Hakutangaza kitu. Alimfuata fundi pikipiki akamwambia, "Kaka, nahitaji toroli lako Jumamosi, saa moja mpaka saa tatu, kipande cha mbele ya kwa mama vitumbua tu." Akamfuata kijana wa kinyozi, akamwomba chepe mbili na wenzake wawili. Akawaandikia wasichana wa saluni ujumbe, akawaomba chai. Kila mmoja alipewa kipande chake, na yeye mwenyewe alikuja na viatu vya mpira. Saa tatu na nusu mtaro ulikuwa wazi, na mama vitumbua alikuwa ameshatoa sinia la pili.

Masika yaliyofuata fundi pikipiki hakuwepo, alikuwa amehamia Mwanza. Jumamosi asubuhi alikuja mdogo wake akisukuma toroli, akauliza kipande cha kaka yake kinaanzia wapi.